Laptopu, umeme na bando: unaandika programu ukiwa Mtwara au Lindi, hela iende wapi kwanza?

Korosho Ghafi (mleta mada)

Habari za jioni wadau wa kusini.

Swali la "ninunue laptopu gani ya kuandikia programu" linaulizwa kila kukicha, na jibu ni lilelile: i7, RAM 16, SSD 512, umemaliza. Jibu hilo linamfaa mtu anayeweza kutembea hadi Kariakoo mashine ikigoma. Huku kwetu Mtwara, Kariakoo iko kilomita mia tano na zaidi, umeme unakatika bila kuaga, na ukiishi Shangani au Mikindani chumvi ya bahari inaingia hadi kwenye tundu la chaja.

Msimamo wangu: laptopu isimeze zaidi ya theluthi mbili ya bajeti. Inayobaki ni ya umeme, mtandao na bakapu. Mwenye milioni moja na nusu asimpe muuzaji yote, halafu akaanza kuomba chaji kwa jirani.

Kwenye prosesa, msibabaishwe na namba inayofuata herufi i. Core i7-7600U ina viini viwili. Core i5-8250U ya kizazi kinachofuata ina vinne, na ukikompaili mradi mkubwa tofauti utaiona. Muuzaji atakupandishia bei ya ile ya kwanza kwa sababu tu stika inasema i7. Tena kizazi cha 8 ndicho mpaka: Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mnaotumia Linux hili haliwahusu, ila siku ya kuiuza litawahusu.

RAM iwe 16, na iwe ya kuchomeka. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zina sloti mbili. T480s ina sloti moja, nyingine imechomelewa kwenye bodi. X1 Carbon yote imechomelewa, kwa hiyo ukinunua ya 8 utazikwa na ya 8.

Mengine nawaachia mafundi.

Bisibisi

Mkuu umesema kweli kuhusu viini. Naongeza namna ya kukagua mtumba kabla hela haijatoka mfukoni, maana wengi wanawasha, wanaona Windows imefunguka, wanalipa.

Izime kabisa, iwashe huku unabonyeza F1 (ThinkPad) au F10 (HP) uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka). Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie. Fundi akikwambia atatoa betri ndogo ya CMOS nywila ifutike, kwenye ThinkPad za kizazi hiki hilo halifanyi kazi, nywila ya msimamizi imehifadhiwa kwenye chipu ya bodi. Ukiwa humohumo tafuta sehemu ya Absolute au Computrace (mfumo wa mwenye mali kuifuatilia na kuifunga laptopu) uone kama imewashwa.

Mtego mkubwa zaidi ni huu. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni huko Ulaya na Marekani, na baadhi hazikufutwa kwenye orodha ya kampuni. Muuzaji anaweka Windows bila intaneti, kila kitu kinaenda sawa. Siku utakapoweka upya ukiwa na Wi-Fi, inatokea skrini ya kukukaribisha kwenye kampuni fulani na kuomba barua pepe ya kazini. Dawa ni kuirudisha Windows mwanzo dukani, mbele ya muuzaji, ukiwa umeiunganisha na hotspot ya simu yako. Inakula muda, muuzaji atanuna, mwache anune. MacBook nazo zina ugonjwa huohuo.

Betri: fungua Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`, fungua faili itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa 50Wh imebaki 30, hiyo ni asilimia 60, kata bei ya betri mpya. Kwenye T480 kuna betri mbili, ya ndani 24Wh na ya nje inayotoka bila bisibisi. Ya nje kubwa ni 72Wh. Hiyo ndiyo sababu mashine hii inafaa huku, unabadilisha betri ya nje bila kuzima, ya ndani inashikilia.

T480 hiyohiyo ina ugonjwa wa USB-C: firmware ya Thunderbolt ya awali inaharibu chipu polepole hadi tundu linaacha kuchaji. Lenovo walitoa sasisho. Likae kwenye orodha ya mambo ya siku ya kwanza, maana tundu likishakufa unatafuta fundi wa kuchoma chipu upya, na huku si kila mtaa anapatikana.

Diski iangalie kwa CrystalDiskInfo. Kibodi bonyeza kila herufi. Basi.

Dada wa Nachingwea

Kaka Bisibisi, kwa nini mtu ahangaike na mitego yote hiyo? Mpya ya dukani ina waranti ya mwaka mzima.

Bisibisi

Dada, mpya ya bei hiyohiyo ni ipi? Aghalabu ni Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM 4 iliyochomelewa na eMMC (hifadhi ya polepole) ya 64GB. Windows peke yake inakaribia kuimaliza hiyo nafasi. Na waranti isome vizuri: wengi wanataka mashine ifike dukani. Ukiwa Nachingwea hiyo ni kifurushi cha basi kwenda, kifurushi cha basi kurudi, na wewe hapo katikati huna kitendea kazi. Kwa mhasibu wa kutumia Excel sikatai, anunue mpya. Kwa mwandika programu nasimamia mtumba wenye sloti.

Ampia Saba

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo watu wanaliwa hela.

Kwanza acheni kuhesabu mAh. Hesabuni Wh (wati mara saa). Powerbank ya 20,000mAh imepimwa kwa 3.7V, kwa hiyo ni 74Wh. Toa hasara ya kupandisha volti, unabaki na 60 na kidogo. Laptopu ya kazi ya kuandika inakula wati 12 hadi 20, basi una kama saa nne. Lakini lazima powerbank itoe USB-C PD ya 20V, wati 45 au 65. Zile za 22.5W zilizojaa madukani ni za simu, ThinkPad haitazitambua hata kidogo. Angalia maandishi madogo mgongoni: kama hakuna "20V", iache.

Ruta nayo. "Mini UPS" ya 8800mAh ni 32Wh na ushee, ukitoa hasara 27. Ruta ya wati 9 itakaa saa tatu. Hicho ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote kwa bei yake, kwa sababu laptopu ina betri yake tayari, kinachokufa umeme ukikatika ni mtandao. UPS kubwa ya mezani ya 650VA haifai kwa kazi hii: ndani ina betri ya 12V 7Ah, yaani 84Wh kwenye karatasi, na inverta yake inakula nusu ya hizo bure. Hiyo ni ya mwenye kompyuta ya mezani apate dakika za kuhifadhi na kuzima.

Mwenye kukatikiwa siku nzima anunue betri ya lithiamu ya LiFePO4 12.8V 50Ah. Hiyo ni 640Wh, tumia 540. Ukichaji laptopu kwa chaja ya gari ya PD 65W moja kwa moja kutoka 12V, na ruta kupitia kigeuzi cha DC, mzigo ni wati 30, ukitoa hasara ya vigeuzi unapata saa 16 hivi. Ukipitisha kila kitu kwenye inverta, yenyewe inakula wati kadhaa hata ikiwa haina mzigo, unashuka hadi saa 12. Inverta ni ya feni na balbu, si ya laptopu.

Mambo yanayoharibika:

Ruta kuungua. Watu wanaiunga moja kwa moja kwenye betri kwa kuwa zote "ni 12V". Betri ikiwa inachajiwa inafika 14.6V. Weka kigeuzi kinachoshikilia 12V hata betri ikipanda au kushuka.

Waya kuyeyuka. Wati 65 kwenye 12V ni zaidi ya ampia 5. Tumia waya wa 2.5mm², fyuzi ya ampia 10, na fyuzi iwe karibu na betri, si kwenye chaja. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka mwisho wa waya, shoti ikitokea katikati hakuna wa kuizuia.

Betri kufa mapema. Chaja ya betri ya gari yenye hatua ya kuondoa salfeti inapandisha volti kupita kiasi kwa LiFePO4. Na betri za asidi mkizishusha chini ya nusu kila siku, msilalamike.

Mwisho, umeme unaporudi ndipo vitu vinaungua, si unapokatika. Kifaa cha kulinda (watu wanaita fridge guard) kinasubiri volti itulie kabla ya kuruhusu. Kaeni nacho.

Mwali wa Mikindani

Ampia Saba ubarikiwe. Kwa wenzangu wa ufukweni: kutu kwenye matundu isafisheni kwa isopropyl ya asilimia 99, si spiriti ya dukani ya 70. Ile ya 70 ina maji asilimia 30, na maji juu ya chumvi ndiyo hasa unayokimbia. Mashine iwe imezimwa, betri ya nje imetolewa, mswaki laini, iachwe ikauke. Usiku isikae dirishani upande wa bahari. Na ukitoka nayo ofisi yenye kiyoyozi kikali kwenda nje, iache kwenye begi kwanza ipate joto, unyevu wa hewa ya Mtwara unageuka maji juu ya bodi baridi kama juu ya chupa ya soda.

Mnara Pweke

Mtandao. Kama mtaa wako una faiba, chukua, usisome zaidi. Waliobaki kwenye 4G, acheni kuangalia vile vimistari vya ruta. Fungueni ukurasa wa ruta (Huawei nyingi ni 192.168.8.1) mtafute RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya −85 ni nzuri, −110 ni taabu. SINR zaidi ya 13 safi, ikikaribia sifuri hata mistari ikiwa mitano utateseka, maana yake minara inaingiliana.

Hamisha ruta kabla ya kununua antena. Dirisha la upande wa mnara, juu, mbali na bati. Na ukinunua antena ya nje, waya ndio kaburi: RG58 ya mita 10 kwenye 1800MHz inaweza kumeza desibeli 8, yaani faida yote ya antena imeishia kwenye waya. Afadhali ruta yenyewe ipande juu, ushushe waya wa Ethernet.

Bando linaliwa na vitu usivyovifikiria. Weka Wi-Fi kama "metered" kwenye Windows. Mradi wa watu uchukue kwa `git clone --depth 1`. Picha ya Docker ya `node:20` inazidi MB 300 hata ikiwa imebanwa, `node:20-alpine` haifiki 60, ila alpine inatumia musl (maktaba ya C tofauti na ya Linux nyingi), baadhi ya moduli zitagoma au zitajikompaili upya; hapo chukua `slim`. Mkiwa watu watatu ofisi moja, wekeni Verdaccio (ghala la ndani la vifurushi) kwenye mashine moja, kifurushi cha npm kinashuka mara moja kwa wote.

Na nyaraka muwe nazo bila mtandao, Zeal au DevDocs. Mei 2024 ilitosha kuwa somo: tarehe 4 kimbunga Hidaya kikapiga pwani na barabara ya Lindi–Dar ikakatika maeneo ya Somanga, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika. Hakuna kifurushi, hakuna intaneti ya maana, ndani ya wiki mbili.

Dada wa Nachingwea

Sawa, tumenunua vyote hivyo. Kazi iko wapi? Au ndiyo tunakaa na betri za maana tunaangalia bahari?

Korosho Ghafi

Dada umegusa penyewe. Kwa kazi za nje, saa zetu zinasaidia: tupo mbele ya Berlin kwa saa mbili majira yao ya baridi, moja majira ya joto. Siku ya kazi inalingana, hukeshi. Pango la huku na samaki wa feri vinafanya malipo ya kawaida yatoshe, ila usitangaze hilo kwa mteja, atakushusha. Kwa mteja wa ndani, kampuni itakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye huduma, iwekeni kwenye bei tangu mwanzo na mdai cheti cha zuio.

Ila kazi iliyo karibu zaidi ni ya vyama vya msingi vya wakulima (AMCOS). Stakabadhi ghalani (mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi) ilianza huku kusini 2007, na hadi leo kuna maghala daftari ndiyo mfumo.

Gunia la Jute

Hapo kwenye AMCOS niache niseme, maana mifumo mingi inayokufa inakufa kwa mambo madogo ambayo hayamo kwenye kozi za mtandaoni.

Anza na meseji za wakulima. SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160. Ikiingia herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya GSM (herufi za kawaida za SMS), meseji nzima inahamia mfumo mwingine wa herufi 70, na zikiungana ni 67 kila kipande. Sasa angalia neno Ng'apa, jina la kata ya Lindi. Alama iliyonyooka (') imo kwenye orodha. Alama iliyopinda (’) haimo, na hiyo ndiyo Word na simu nyingi zinaweka zenyewe. Meseji ya herufi 150 iliyotakiwa kuwa moja inakuwa tatu. Wakulima 4,000 ni meseji 12,000 badala ya 4,000, na bili anapelekewa katibu wa chama. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kutuma:

`s = s.replace(/[\u2018\u2019\u02BC\u0060]/g, "'")`

Ng'apa hiyohiyo itakwambia siku ya kwanza kama aliyeandika mfumo anaunga SQL kwa kujumlisha maneno. Ukiandika jina la kata ukapata kosa la hifadhidata, funga ofisi, mfumo una tundu la kuibiwa. Tumieni vigezo (parameters). Na kwa kutafuta, muwe na safu ya pili isiyo na alama hizo, kwa sababu karani mmoja ataandika Ng'apa, mwingine Ngapa, wa tatu Ng`apa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashikilia 15, JavaScript kama 16, zinazobaki zinageuka sifuri kimyakimya. Ihifadhi kama maandishi. Namba ya simu vilevile: Excel inakula sifuri ya mbele. Zote zigeuze kuwa 255 na tarakimu tisa, ukatae nyingine mlangoni. Kisha hayo ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, kwa hiyo hiyo T480 ya mtumba iwe na diski iliyofungwa kwa BitLocker au LUKS. Laptopu ikiibwa stendi, kiende chuma tu, si taarifa za watu.

Mizani iko kijijini, mtandao hauko. Simu ya karani ihifadhi kwenye SQLite, kila mzigo upewe UUID (namba ya kipekee isiyojirudia) palepale kwenye simu, na seva iwe na sharti la upekee kwenye hiyo UUID. Mtandao ukirudi simu inatuma. Jibu likipotea njiani inatuma tena. Seva inaona namba ileile, inakubali bila kuandika mara mbili. Ukiacha seva ndiyo itoe namba, mkulima wa kilo 640 atakuwa na kilo 1,280, na siku ya malipo mtagombana hadharani. Uzito uwe gramu kwa namba nzima, hela ziwe shilingi nzima, desimali za kuelea zisiguse korosho ya mtu.

Weka saa mbili: ya simu na ya seva. Saa za simu za makarani zinadanganya. Na kwenye fomu usimwache karani aandike saa kwa mkono, atakuandikia "2:00" akimaanisha saa mbili asubuhi, na kompyuta itasoma usiku wa manane umepita kidogo.

Mnara Pweke

Gunia, hiyo ya UUID inahusu pia malipo ya simu. Jibu la mtandao wa malipo linaweza kuja mara mbili au kuchelewa. Msiongeze salio kwa kuwa jibu limefika, ongezeni kwa kuwa namba ya muamala haijawahi kuonekana.

Kijana wa Chuno

Wakuu nina milioni moja na nusu kamili. Nipangieni kwa mfuatano, nisije nikanunua antena kwanza.

Korosho Ghafi

Mdogo wangu, laptopu ya kizazi cha 8 yenye sloti mbili, hata ikiwa na RAM 8, isizidi laki tisa. Betri ya nje ikiwa imechoka ni vizuri kwako, inakupa sababu ya kushusha bei. Ukaguzi wa Bisibisi usiruke hata hatua moja. Inayofuata ni RAM kufika 16, kisha mini UPS ya ruta, kisha SSD ya nje ya bakapu. LiFePO4 isubiri malipo ya kwanza. Antena usiiguse mpaka umepima RSRP sehemu tatu za nyumba.

Bisibisi

Kwenye SSD ya nje, ile ya terabaiti 2 kwa bei ya nauli ni flashi ndogo iliyodanganywa kusema ni kubwa. Inaandika vizuri mwanzoni, ikijaa inaanza kufuta za zamani bila kukwambia. Endesha H2testw (kwenye Linux ni f3) ijaze diski nzima na kuisoma tena. Fanya hivyo kabla hujaweka faili hata moja, na risiti usiitupe.